Gari Jeupe kwa Bi Delfina

Kila asubuhi, kabla Yatziri hajamaliza kufunga viatu vya shule, kipaza sauti kilichosimikwa juu ya paa la shangazi yake Rufina, mtangazaji wa kijiji, kilikuwa kimeshaanza kazi. "Mnatangaziwa kwamba kwa Bi Ofelia kuna tamale za moto, za unga wa mahindi na nyama. Mnatangaziwa pia kwamba mbuzi wa mzee Nabor amepotea. Ana jicho moja." Kijiji kizima cha Santa Rita kilisikia, mtu apende asipende.

Yatziri alikuwa na miaka kumi na miwili, na yeye pia alikuwa mtangazaji, ila tangazo lake lilitoka mfukoni. Ndiye aliyeanzisha kundi la simu la kijiji. Watu zaidi ya mia tatu walikuwa humo, pamoja na waliohamia kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Kuwa wa kwanza kutoa habari kulimpa raha kuliko peremende.

"Shangazi, huyo mbuzi nilimtangaza tangu jana," alitamba akipita mlangoni.

"Na amepatikana?"

"Bado."

"Basi nenda shule, mwanangu."

Jumatano hiyo, akirudi nyumbani, aliona gari jeupe la watu wa afya limesimama mbele ya nyumba ya Bi Delfina, mtengeneza jibini. Muuguzi alitoka langoni na kisanduku cha barafu. Yatziri alikuwa hatua kama ishirini kutoka pale. Akapiga picha, akaandika: "Watu wa afya wako kwa Bi Delfina. Jibini lake lina ugonjwa?" Akatuma, akaenda kula.

Umbea hauna breki. Kufikia jioni mmoja alisema watoto wametapika, mwingine akasema watatu wamelazwa, na mtu wa kaskazini akaanza kuwaombea marehemu. Hakuna aliyejua marehemu ni nani. Yatziri alihesabu majibu akachekelea, maana habari yake ilikuwa haijawahi kupata watu wengi kiasi hicho.

Kesho yake, akinywa chokoleti yake ya asubuhi, alisikia kipaza sauti: "Mnakumbushwa kwamba gari la chanjo ya kichaa cha mbwa linaondoka leo adhuhuri. Jana lilipita mtaa wa juu, kwa Bi Delfina na jirani zake." Yatziri aliweka kikombe chini. Kumbe walikuja kwa ajili ya mbwa!

Baada ya masomo alikimbilia sokoni. Bi Delfina alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, na watu walipita wakitazama pembeni. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, na mama huyo alikuwa ametengeneza vipande arobaini vya jibini. Mauzo ya sikukuu ndiyo yaliyokuwa yakiwanunulia ng'ombe wake majani ya kiangazi kila mwaka. Jibini bichi halingoji, na siku hiyo hakuna aliyenunua hata kipande kimoja. Yatziri aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Alifuta picha upesi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Picha ilikuwa imeshahamia makundi mengine. Akaenda kwa Rufina.

"Shangazi, nitangazie kwamba jibini la Bi Delfina ni zima."

"Aliyesema ni bovu ni nani?"

Yatziri alitazama sakafu. "Mimi niliuliza tu."

"Uliuliza watu mia tatu wasiojua. Anayejua alikuwa ndani ya nyumba." Rufina alimsogezea kiti. "Kinywa changu hakikusema neno. Maikrofoni hiyo hapo."

"Watanicheka, shangazi."

"Watakucheka, ndiyo. Kaa."

Yatziri alikaa. Akashika maikrofoni. "Mnatangaziwa... Mimi ni Yatziri, binti wa Maricela mshonaji. Picha ya gari jeupe niliipiga mimi. Habari ya ugonjwa niliianzisha mimi bila kumwuliza mtu. Muuguzi alikwenda kuchanja mbwa wa Bi Delfina. Jibini lake ni zima. Nimekosa, naomba radhi." Mwangwi wa mlima ulimrudishia maneno yale, akajisikia akiungama mara mbili.

Rufina alikuwa amemrekodi kwa simu yake. "Tuma hii kwenye kundi," alisema. "Wa kaskazini hawasikii paa langu." Yatziri akatuma.

Hazikupita dakika kumi, Bi Delfina akasimama mlangoni, aproni kiunoni, uso haucheki.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bi Delfina."

"Hujamaliza. Wapo waliosikia, lakini uongo umewanogea zaidi. Beba kikapu hiki, twende."

Walipita nyumba kwa nyumba, Alhamisi ile na siku mbili zilizofuata.

"Eti mtangazaji, leo nani anaumwa?" mzee Nabor alimtania.

"Hakuna, mzee. Tumeleta jibini, na wa kuonja kwanza ni mimi."

Katika kila mlango alikula kipande kidogo mbele ya watu, hata tumbo likamjaa na vicheko vikapungua. Nyumba mbili hazikufungua kabisa. Lakini kwenye kundi, kijana mmoja wa kaskazini aliagiza vipande vinne apelekewe mama yake, na wenzake wakafuata. Jumapili mchana, ngoma za sikukuu zikiwa zimekolea, mezani palibaki vipande vitatu tu.

Bi Delfina alimkatia kimoja, akaketi kando yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Simu yako ni kitu kizuri, usiitupe," alisema. "Imeniletea wateja ambao paa la Rufina lisingewafikia. Lakini imekupa sauti ya kuvuka mpaka, na miguu ya kwenda kuuliza ulizaliwa nayo. Anayetaka kuwaambia watu mia tatu, kwanza amwulize yule mmoja anayejua."

"Nimeelewa, Bi Delfina."

"Mlango wangu ulikuwa wazi siku ile, mwanangu. Ungebisha hodi, ungekula jibini, na ungeondoka na habari ya kweli."