Jepkemboi Aliyekataa Kulia

Jepkemboi alipiga jembe uma ardhini, akainua udongo, akaona kiazi kingine kimetobolewa katikati. Kilikuwa cha tano tangu asubuhi. Akakifunika haraka kwa majani makavu.

"Nimekiona hicho!" Valarie alisema kutoka tuta la pili. "Wewe unachimba viazi ama unavidunga sindano?"

Valarie, jirani yao, alikuwa amekuja kusaidia kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Siku nyingine Jepkemboi angemrushia bonge la udongo, nao wangecheka. Leo sindano ilimkumbusha mama. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Nakuru, na siku hiyohiyo madaktari walipanga kumtoa uvimbe tumboni. Baba, Kosgei, alikuwa naye huko. Hapa Molo walibaki Jepkemboi na nyanya yake, aliyemwita Kogo.

Kogo alikuwa akiokota viazi, vikubwa kwenye gunia, vidogo vya mbegu kwenye debe. Aliyainua yale majani, akakitazama kiazi, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Chai ya asubuhi hukuimaliza," alisema polepole. "Jana pia. Una nini, mjukuu wangu?"

"Sina kitu, Kogo. Niko sawa."

"Unaogopa?"

"Hapana! Siogopi hata kidogo!" Sauti yake ilitoka juu kuliko alivyotaka. Akauma midomo. "Nikiogopa, mama hatapona."

Kogo aliweka debe chini. "Nani alikuambia hivyo?"

Valarie ndiye aliyejibu, macho yakiwa kwenye gambuti zenye matope miguuni mwake. "Ni mimi, Kogo. Nilimwambia Jumapili tukitoka kanisani. Nilisikia kwa redio ati mwenye imani haogopi, na ukilia, maombi yako hayafiki. Nilitaka tu kumtia moyo."

"Najua, mtoto wangu. Hukutaka mabaya." Kogo alitandika gunia tupu, akaketi, akawaita wakae karibu.

"Babu yenu alipougua, niliomba kila siku, na kila siku niliogopa. Wakati mwingine sikuwa na maneno. Nililia tu na kusema, 'Mungu, unaniona.' Babu hakupona. Lakini sikuachwa peke yangu hata siku moja. Asubuhi nilipata nguvu za kukamua ng'ombe, na sijui zilitoka wapi kama si kwake. Sasa niambie, wewe ukilia, mimi nakufukuza?"

"Hapana, Kogo."

"Basi Mungu atakufukuzaje?"

Machozi ambayo Jepkemboi alikuwa ameyazuia kwa siku nne yakamtoka yote. Alilia akiwa ameegemea bega la nyanya yake, na Valarie akamshika mkono wenye udongo.

Walikuwa bado wameketi hapo simu ilipolia mfukoni mwa sweta ya Kogo. Alikuwa baba. Alieleza kwamba mgonjwa mwingine mahututi ameletwa na atapasuliwa kwanza, kwa hivyo mama angefanyiwa upasuaji kesho asubuhi. Kisha akampa mama simu, naye Kogo akaweka spika ili wote wasikie.

"Jepkemboi, umekula?"

"Bado. Mama..." Aliisogeza simu karibu na mdomo. "Mama, naogopa."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Tumwambie Mungu pamoja." Mama akaomba kwa sauti ya chini: "Baba, mimi niko huku na mtoto wangu yuko huko. Utushike sote wawili."

"Amina!" Valarie aliitikia kwa nguvu hata kunguru wakaruka.

"Huyo ni nani? Mhubiri?" mama aliuliza, akacheka. Jepkemboi naye akacheka huku akijipangusa pua kwa mkono wa sweta.

Walikula viazi vya kuchemsha palepale shambani, Jepkemboi akala vitatu. Waliporudi kazini, hakuna kiazi alichotoboa mpaka ukungu mzito uliposhuka kutoka upande wa msitu, wakashindwa kuonana kutoka tuta hadi tuta.

"Inatosha," Kogo alisema. "Jepkemboi, hofu itarudi jioni. Ikirudi, usikae nayo peke yako. Mwambie Mungu jinsi ilivyo, bila kuipamba, halafu uje uniambie na mimi. Yeye ndiye aliyetuweka karibu karibu hivi."

Walifunga magunia mawili yaliyojaa. Matuta manne yalibaki bila kuchimbwa.

"Kesho nitakuja mapema," Valarie alisema.

"Njoo," Jepkemboi alijibu. "Tutachimba tukingoja simu."