Chupa Isipande Juu ya Kifua

Gurudumu la nyuma ndilo lililotangulia kukosa ardhi. Dereva alikanyaga mafuta badala ya breki, akidhani ataliruka shimo kabla ukingo haujameguka, na kwa muda mfupi ikaonekana kama ataweza. Kisha tope likaachia. Gari la kliniki lilipinduka, likabingirika mara moja, likalala ubavu chini ya korongo, ndani ya maji ya kahawia yaliyokuwa yakipanda.

Walikuwa watatu. Dereva watu walimwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kufanya jambo lolote taratibu. Tabibu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, akirudi hospitali baada ya siku sita za kutibu watu ng'ambo ya mbuga. Wa tatu alikuwa baba mkwe wake, fundi wa kuchimba visima, ambaye walimchukua asubuhi hiyo kambini kwake kwa kuwa hakuna gari jingine lililokubali kupita kwenye mvua ile.

Mzee na mkwewe hawakuwa na ugomvi wa kelele. Walikuwa na ukimya. Miaka saba iliyopita mzee alimwambia mwanawe kwamba mwanamke anayelala nje ya nyumba yake nusu ya mwezi ni mgeni, si mke. Maneno yalimfikia mkwe mwenyewe, na tangu hapo wakabaki na salamu tu. Hata ndani ya gari mzee alikuwa akipitishia maneno yake kwa dereva. "Mwulize daktari wako kama huko nyuma kuna maji ya kunywa," alisema, na daktari mwenyewe amekaa nyuma ya kisogo chake.

Sasa tabibu alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na damu kwenye nyusi. Yeye na Taratibu walimvuta mzee kupitia dirishani, wakampandisha kwenye kichuguu kikavu juu ya korongo. Alikuwa amegonga ubavu wa kushoto kwenye pembe ya mlango. Alisema ni maumivu tu, yatapita.

Redio ya gari ilikuwa imezama. Simu hazikupata mtandao. Taratibu alishuka na kupanda mara tano, akaokoa machela, blanketi, dumu la maji lenye lita tatu hivi, mifuko ya dripu na sanduku la upasuaji. Kila alipopanda alitazama mbuga upande huu na upande ule, kama mtu aliyeahidiwa kuja kuchukuliwa. Palikuwa na maji, nyasi na mawingu.

"Barabara kuu iko wapi?" tabibu aliuliza.

"Kule kwenye ule mstari wa miti. Kilomita mbili. Lakini katikati hapo ni ziwa sasa."

Hawakumaliza hata nusu saa. Pumzi za mzee zilianza kuwa fupi, halafu fupi zaidi, mpaka akaacha kuongea na kubaki akihema mdomo wazi. Midomo yake ilibadilika rangi. Mishipa ya shingo ilisimama. Tabibu alimfungua shati, akaona upande wa kulia ukipanda na kushuka, na wa kushoto umetulia kama si wa mtu yuleyule. Aliugonga kwa vidole. Ulilia kama debe tupu.

"Baba, mfupa wa ubavu umetoboa pafu. Hewa inavuja, inanaswa kifuani. Imeshalibana pafu, sasa inausukuma moyo. Lazima niitoe."

Mzee alimgeukia dereva. "Mwulize... ameifanya... mara ngapi."

Taratibu alifungua mdomo, lakini tabibu alijibu mwenyewe. "Mara nne. Tatu kati ya hizo daktari bingwa alikuwa pembeni yangu."

"Na ile... moja?"

"Mgonjwa alicheleweshwa kuletwa."

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama dereva tena. "Basi usichelewe," akasema.

Alianza na sindano nene, akaichoma juu ya kifua, chini ya mtulinga. Hewa ilitoka kwa mlio mwembamba, kama tairi linalopungua upepo, na mishipa ya shingo ikalegea. Taratibu akashusha pumzi.

"Bado," tabibu alimwambia. "Sindano inatupa dakika chache tu. Mnyanyue mkono wake, uuweke juu ya kichwa, usiuachie hata akikutukana."

Aliosha mikono kwa maji ya dripu, akavaa glovu, akapaka iodini kuanzia kwapani mpaka chini ya titi. Vichupa vya ganzi vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kimepasuka. Alikitumia kilichobaki chote, ingawa alijua hakitoshi. Akahesabu mbavu kwa kidole, mara ya kwanza, kisha akahesabu tena kwa sababu hakujiamini.

Alikata juu ya ubavu, urefu wa sentimita tatu, akikaa upande wa juu wa mfupa, maana mishipa ya damu hupita chini yake. Mzee aliguna. Koleo likaingia limefungwa, likasukuma nyama, likafunguliwa kidogo, likasukuma tena. Jasho lilimwingia tabibu machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Alipofika kwenye utando wa ndani alisukuma kwa nguvu, na utando ukaachia ghafla. Hewa na damu vikamrukia kifuani.

Aliingiza kidole, akazungusha polepole. Kitu laini kilimgusa ncha ya kidole, kikaondoka, kikarudi. Lilikuwa pafu, na lilikuwa linajaribu.

"Mrija," alisema, ingawa hakukuwa na wa kumpa. Aliuchukua mwenyewe, akautelezesha ndani mpaka matundu yote ya pembeni yakazama, akashona ngozi kuuzunguka na kuukaza kwa uzi, akaufunika kwa shashi na plasta.

Chupa ya hospitali ya kupokelea hewa ilikuwa imevunjika. Alichukua chupa ya plastiki iliyokuwa na iodini ya akiba, akaisuuza, akatia maji ya dripu, akatoboa kifuniko matundu mawili. Tundu moja lilipitisha mrija ukazama majini kwa upana wa vidole viwili. La pili aliliacha wazi ili hewa itoke. Mzee alipokohoa, mapovu yalibubujika ndani ya chupa.

Taratibu alicheka kama aliyeona muujiza. "Anachemka."

"Sikiliza vizuri," tabibu alimwambia. "Chupa isipande juu ya kifua chake. Ikipanda, maji yatarudi ndani. Isilale, isipinduke. Usiubane mrija hata kidogo maadamu mapovu yanatoka. Na hili tundu la hewa lisizibwe."

Mchana huo hakukaa chini. Alibandika kipande cha plasta kwenye chupa kuonyesha damu imefikia wapi. Alimkalisha mzee ameegemea, akamlazimisha kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa, kisha kukohoa huku ameubana ubavu kwa blanketi. Alihesabu pumzi, akatazama maji ya korongo, akahesabu tena. Alimpa dawa ya maumivu na ya kuzuia usaha, akamnywesha maji kwa kifuniko, yeye mwenyewe akalamba midomo.

Alasiri Taratibu alisema, "Yale maji kwenye mrija hayachezi tena."

Tabibu alikuwa amepiga magoti kabla hajamaliza sentensi. Kwa kawaida maji yale hupanda na kushuka mgonjwa anapopumua. Sasa yalikuwa yamesimama, na mzee ameanza kuhema. Alifuata mrija kwa vidole kutoka kwenye chupa, taratibu, asiruke hata inchi, akipita chini ya blanketi mpaka kwenye kiuno. Bizimu la mkanda wa mzee lilikuwa limeukunja. Alipoukunjua, bonge la damu likashuka, mapovu yakarudi, na maji yakaanza kucheza.

Hapo akainuka, akaanza kuhesabu pumzi upya akiwa amesimama. Mzee alimtazama.

"Kaa kidogo, mama," alimwambia. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

"Nikikaa sitaamka, baba."

Usiku waliupitisha kwa zamu za kuitazama chupa. Kulipokucha, maji yalikuwa yameshalificha gari lote na kubakiza hatua sita za kichuguu. Taratibu aliingia majini na fimbo, akapotea nyasini, akarudi baada ya saa nzima. Alikuwa ameona katapila la watu wa barabara karibu na miti. Alipiga kelele, hawakumsikia. Maji yalimfika kifuani mahali fulani, kwingine kiunoni.

"Tunambeba," tabibu alisema.

"Na chupa?"

Mzee alinyoosha mkono. "Nipeni kamba. Miaka thelathini nashusha ndoo visimani."

Walimfunga kwenye machela na kuinyanyua mpaka mabegani, Taratibu mbele, tabibu nyuma. Chupa ilining'inia kwa kamba mkononi mwa mzee, chini ya kifua chake na juu kidogo ya maji, maana tundu la hewa likizama hakuna kitakachotoka. Walipoingia kwenye kina aliivuta kidogo. Walipopanda aliilegeza. Taratibu alisema "shimo" au "mzizi" na kuendelea.

Katikati mguu wa tabibu ulikosa mahali pa kukanyaga. Alizama mpaka kidevuni, machela ikainama upande wake, maji yakamfunika mzee miguu. Alisukuma mikono juu akiwa hajui kama amesimama au anaelea. Kidole cha mguu kikapata udongo.

"Chupa?" aliita, maji mdomoni.

"Ipo," mzee alijibu. "Imesimama wima. Wewe tembea."

Alitembea. Hakukumbuka baadaye jinsi walivyofika, ila sauti ya injini ikinguruma, na wanaume wawili wenye mabuti wakiwakimbilia majini. Wa kwanza alitaka kuipokea chupa na kuilaza juu ya tumbo la mgonjwa. Watu watatu walimkataza kwa pamoja.

Hospitalini picha ilionyesha mbavu tatu zilizovunjika na pafu lililotanuka karibu lote. Daktari bingwa aliuangalia mshono, akasema angeukaza zaidi kidogo, kisha akampa tabibu mkono. Alimwamuru akalale. Tabibu alienda nyumbani, akaoga, akalala saa mbili, akarudi wodini kutazama maji kama yanacheza.

Alifanya hivyo siku nne. Mumewe alimletea chakula akala amesimama. Manesi walianza kumkwepa, maana aliwauliza kila saa damu ni mililita ngapi. Siku ya tano hakukuwa na povu hata mzee alipokohoa, na picha ilikuwa safi. Daktari alisema mrija utoke. Mzee akasema autoe aliyeuingiza.

"Vuta pumzi, baba. Yote. Ishikilie."

Aliuchomoa kwa mkupuo mmoja, akakaza uzi, akagandamiza shashi. Mzee aliachia pumzi, akavuta nyingine, ndefu, mpaka mwisho wake, akasikilizia. Tabibu alibaki ameinama, kiganja kwenye ubavu, macho kwenye kifua kinachopanda pande zote mbili. Dakika zilipita. Hakuondoa mkono.

Mzee aliushika mkono ule, akauweka pembeni juu ya shuka.

"Nenda kalale, mwanangu," alimwambia. "Sasa nitapumua mwenyewe."