Swali la Kumi na Moja

Orodha ilitakiwa kuonyesha maswali kumi. Ilionyesha kumi na moja.

"Shemeji, hii moduli yako haijui kuhesabu," Nesi alimwambia Fundi, mdogo wa mumewe, aliyekuwa ameinama chini ya meza akihangaika na nyaya.

"Kompyuta haikosei hesabu. Rudia, labda umeshinda na njaa."

Akarudia. Kumi na moja.

Zahanati ile ya watoto ilikuwa na tovuti, na kwenye tovuti kulikuwa na jukwaa ambapo akina mama waliuliza na Nesi akajibu. Yaani, alijibu alipopata nafasi. Maswali mengine yalizama chini, ukurasa juu ya ukurasa, wala hakuna aliyeyafuata. Ndipo Daktari, mwenye zahanati, akamwagiza Fundi abandike moduli, kijiprogramu cha nyongeza kinachochokonoa maswali yasiyo na jibu na kuyapanga ukurasa wa mbele, kumi kumi, kila mtu ayaone. Nia ilikuwa njema, lakini aibu ni mwalimu mkali. Kila siku ikifika saa nane mchana, Daktari aliamuru, orodha iwe tupu.

Maswali yalikuwa mia nne na ushee, na Nesi ana mikono miwili. Akafanya ambalo wengi wetu tungefanya. Aliandika jibu moja, "Pole sana mama, mlete mtoto tumwone," akawa analibandika kila mahali bila kusoma. Upele, homa, mtoto asiyetaka uji, swali la jana, swali la miaka mitatu iliyopita, yote yalipewa pole ileile. Na kila alilobandikia likatoweka kwenye orodha.

Isipokuwa lile la kumi na moja. Alilijibu mara mbili, likabaki palepale, na pembeni yake: majibu sifuri. Ikabidi alisome.

"Mwanangu ana miezi saba. Anakoroma akivuta pumzi, kifua kinabonyea. Mvua ni kubwa, hakuna gari. Nimfanyeje?"

Liliandikwa miaka mitatu nyuma. Nesi akafunga ukurasa haraka.

Kesho yake, mchana wa jua kali, ofisi ilinuka nguo zilizonyeshewa. Mfagiaji mwenyewe alichungulia akauliza nani ameanika nguo mbichi humu ndani. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, nyembamba, ya kafuri, ile ya kuoshea maiti. Kisha ukaanza mkoromo. Pumzi fupi, inavutwa kwa shida, inakatika, inavutwa tena.

"Feni ya kompyuta imezeeka," Fundi alisema. Akaifungua, akapuliza vumbi. Akaizima, akachomoa na waya. Mkoromo ukaendelea. Fundi, mtu asiyekosa mzaha hata msibani, alibaki na bisibisi mkononi, ametega sikio.

"Inatoka wapi?" Nesi alinong'ona.

"Nje. Kwenye benchi."

Benchi la wagonjwa halikuwa na mtu. Lilikuwa limelowa mahali pamoja tu, pa mtu mmoja kukaa, na maji yalikuwa bado yakidondoka sakafuni.

Nesi alifungua tovuti kwenye simu yake. Chini ya lile swali kulikuwa na mistari mipya, isiyo na jina wala tarehe.

"Nimemleta."

"Tumekaa kwenye benchi."

"Mbona hamumwangalii?"

Na akiwa anatazama hivyohivyo, ukajiandika wa nne: "Kumbe na wewe una wako."

Ni kweli alikuwa naye, wa miezi saba, wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba mbili kuharibika. Nyumbani walimwita Bwana Mdogo. Simu ikalia mkononi mwake. Alikuwa mama mkwe, anayeshinda na mtoto.

"Mwanangu, huyu mwenzako nimpikie chai, au ana haraka?"

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Si huyu uliyemtuma amwangalie mtoto? Maskini, kalowa chapachapa. Nimemwachia Bwana Mdogo ampakate, mimi niko jikoni."

Nesi alitoka mbio, kiatu kimoja kikibaki mlangoni, Fundi nyuma yake akiita shemeji, shemeji, na njia aliyoipita kila siku kwa dakika kumi ikawa haiishi, jua likimchoma utosini na bado akisikia mvua, mvua nzito ya kupiga mabati, mvua iliyokuwa ikinyesha masikioni mwake peke yake, na ndani ya mvua hiyo ule mkoromo, na ndani ya mkoromo sauti ya mwanamke akibembeleza kwa wimbo usio na maneno, mpaka alipofika nyumbani kwake, akausukuma mlango, na vyote vikakatika kwa mpigo.

Mama mkwe alikuwa amesimama sebuleni na kikombe. Kiti cha mgeni kilikuwa kitupu, kimelowa. Mtoto alikuwa amelazwa chali kitandani, amenyooshwa vizuri, mikono pembeni, kama wanavyonyooshwa wasioamka tena. Alikuwa hai. Lakini kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea.

Daktari alimpima siku mbili mfululizo. Mapafu safi, koo safi, picha safi. "Sioni ugonjwa," alisema, na kwa mara ya kwanza Nesi alimwona ameogopa. Siku ya tatu midomo ya mtoto ilianza kubadilika rangi. Mama mkwe akaenda kumleta mganga, mwanamke aliyemjua tangu usichana wao.

Mganga hakuwa na maneno mengi. Alifukiza ubani, akasoma anayoyasoma, akaonyeshwa lile swali kwenye simu.

"Uchungu ukiachwa peke yake muda mrefu, jini huhamia humo," alisema. "Huyu amevaa kilio cha mama wa watu. Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Nesi alisema. "Nilimwambia amlete mtoto."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi pembeni, akaanza kutetemeka. Maji yakamtiririka kutoka nyweleni mpaka kidevuni. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ya binti.

"Niliuliza. Kuna aliyesoma."

Mganga alimgeukia Nesi. "Mjibu. Na usimdanganye."

"Nilisoma mimi." Machozi yalikuwa yakimwagika na hakuyafuta. "Siku ileile. Zamu yangu ilikuwa imeisha, nimeshavaa nguo za nyumbani. Nikasema atakayeingia atajibu."

"Ungenijibu nini?"

"Umkalishe wima, kifuani kwako. Usimlaze. Umkimbize zahanati hata kwa miguu, hata na mvua, usimsubiri mtu."

Mganga akaongeza ubani motoni.

"Nilimlaza," ile sauti ikasema. "Nilimlaza ili apumzike."

Ikalia. Nesi amesikia akina mama wengi wakilia, ni sehemu ya kazi yake, lakini kilio kile kilimfanya aombe ardhi ipasuke immeze. Kisha mama mkwe akaanguka, na Bwana Mdogo akavuta pumzi moja ndefu, akalia kwa nguvu zake zote, kilio cha mtoto mzima mwenye njaa.

Mlangoni, mganga alimshika Nesi mkono. "Ametoka humu, hajaangamia. Akija kukuuliza tena, kwa njia yoyote, usimwitikie. Ukimwitikia, mimi sina dawa nyingine."

Fundi aliing'oa moduli. Asubuhi ikawa imerudi. Akaing'oa tena, ikarudi. Swali la kumi na moja halikuwepo, wala swali lingine lolote, maana kila lililoulizwa lilijibiwa kabla Nesi hajalisoma, tena majibu ya kitaalamu kabisa. Daktari alifurahi, akampongeza mbele ya wenzake. Akina mama wakaanza kushukuru: asanteni kwa yule dada mliyemtuma nyumbani, ana huruma jamani, kaja na nguo mbichi na hata hakujali. Nesi aliposoma shukrani hizo alikwenda chooni akatapika.

Alhamisi, saa saba na nusu mchana, orodha ilionyesha swali moja.

"Yule dada yenu alifika kwangu jana. Alisema mwanangu hapumui vizuri. Akamkalisha wima kifuani, akatoka naye kwa miguu, akasema anamkimbiza kwenu. Mpaka sasa hawajarudi. Mmempokea?"

Nesi aliweka vidole kwenye kibodi. Huenda alikuwa mama wa watu, anachungulia barabara tangu jana. Huenda alikuwa yule aliyekatazwa kumwitikia. Hakukuwa na namna ya kujua bila kujibu.

"Shemeji," Fundi alisema kwa sauti ndogo nyuma yake, "tutamwambia nini?"

Nesi aliondoa vidole kwenye kibodi bila kuandika neno, akasimama, akaenda nyumbani kumnyonyesha mwanawe.