Kifaranga cha Mhariri Mkuu

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, Ilka Dezsényi alimkuta bosi wake akinywa kahawa kwa mkono wa kushoto. Barnabás Vekerdi hakuwa na shoto. Mkono wa kulia alikuwa ameubana ubavuni kama mgonjwa aliyewekewa kipimajoto kwapani, na koti hakulivua ingawa chumba kilikuwa na joto. Alipoulizwa, alisema bega linamsumbua.

Barnabás alikuwa mhariri mkuu wa Szerdai Szemle, jarida la uchumi na siasa lililotoka kila Jumatano hapa Budapest kwa miaka thelathini na minne. Ilka alikuwa naibu wake. Mwaka huo jarida lilikuwa linakata roho. Matangazo yalikauka, maana hakuna kampuni iliyotaka kuonekana karibu na watu wanaowaudhi wakubwa, na tajiri mmoja, swahiba wa wakubwa haohao, alishatangaza kwamba atalinunua likianza kuanguka. Kila mtu alijua analinunua ili alizike.

Bega liliuma wiki tatu. Wiki ya nne Barnabás akaingia kwenye kikao cha asubuhi mikono yote miwili ikiwa huru, akaweka mezani bunda la karatasi. Ulikuwa mkataba wa siri wa ujenzi wa reli, una sahihi na mihuri. Hakusema kautoa wapi. Ilka, ambaye hakuruhusu hata bei ya viazi ichapishwe bila kuhakikiwa, alipiga simu siku mbili nzima, na kila mstari ulikuwa kweli. Jumatano hiyo jarida liliisha vibandani kabla ya saa sita mchana. Wiki iliyofuata zikaja barua za benki. Iliyofuata tena, kumbukumbu za kikao cha wizarani kilichohudhuriwa na watu watano tu. Waandishi walioanza kutafuta kazi kwingine wakaacha kutafuta. Walileta mvinyo ofisini, wakaimba.

Ilka hakuimba. Alikuwa anasikia harufu ya manyoya ya kuku yaliyobabuliwa motoni, na harufu ilitoka chini ya mlango wa Barnabás. Juu ya dari palikuwa na miguu. Ilikuwa miguu midogo, mikavu, inayokimbia kutoka upande wa barabarani hadi juu ya meza ya mhariri mkuu, kisha kimya, kisha inarudi. Mchana kweupe, simu zikilia, watu wakicheka. Na Barnabás alikuwa anakwisha. Mkanda wake aliutoboa matundu mapya, na shingoni, pale kola ilipoachia, palikuwa na duara jekundu, mithili ya mdomo uliofyonza ukaacha alama.

Alasiri moja ya Desemba, taa za barabarani zikiwa zimekwisha kuwaka, Ilka alikwenda kupata sahihi yake, akasimama nje ya mlango na kalamu mkononi asiweze kubisha, kwa sababu ndani sauti nyembamba kama ya mtoto mchanga aliyefundishwa neno moja ilikuwa ikiuliza, nini tena, nini tena, nini tena, bila kupumua, na sauti ya Barnabás, mtu aliyewahi kumfokea waziri kwenye simu, ilikuwa ikiomba kwa upole wa kutisha, subiri kidogo, subiri nifikiri, nakuomba.

Akafungua. Barnabás alikuwa peke yake, ameinamia karatasi moja. Karibu na meza, kwenye mbao za sakafu, palikuwa na nyayo tatu za kifaranga zilizoungua.

“Funga mlango,” alisema Barnabás.

Ilka akafunga. Alizaliwa Szatmár, vijijini mashariki, na kwa mambo kama haya watu wa Szatmár hawahitaji kuelezwa mara mbili. “Yai la kuku mweusi,” alisema. “Umelilalia kwapani, Barna.”

“Siku ishirini na nne. Lilikuwa yai la kwanza la kuku mwenyewe. Usinitazame hivyo. Ungewaambia nini wale watu kumi na tisa pale nje?”

Sisi huliita lidérc. Ni jini la kufuga, na hukaa katika umbo la kifaranga. Hukuletea utakacho, ila halijui kupumzika. Usipolipatia kazi linakukalia kifuani na kukunyonya, na ukilipatia linakunyonya polepole.

Barnabás alimsogezea Ilka ile karatasi. Siku hizi, alisema, halisubiri tena kutumwa. Linaleta tu. Ilikuwa barua ya Szilárd Ormos, ofisa wa serikali aliyetia sahihi mkataba wa reli, akimwandikia binti yake kwaheri na kumwomba asisome magazeti. Wino ulikuwa haujakauka. Barnabás alikuwa amepiga simu nyumbani kwa Ormos, ofisini kwake, polisi. Wakati anasimulia, simu yake ililia. Alisikiliza, akashukuru, akaiweka chini taratibu.

“Wamemkuta gereji,” alisema. “Alikuwa anaandika hii, Ilka. Limeichukua chini ya mkono wake.”

Juu ya dari miguu ikaanza kukimbia.

Kesho yake Ilka alipanda treni, akarudi na shangazi yake Rozál, mwanamke wa miaka themanini na mmoja aliyewahi kuliona jambo hili kwa jirani. Rozál alikaa ofisini kwa Barnabás bila kuvua kilemba cha sufu, akamkagua kifua, akamfunga vifungo vya shati kama mama.

“Dawa ni moja tu, mwanangu,” alimwambia. “Lipe kazi isiyowezekana. Lisokote kamba ya mchanga. Sina dawa ya pili mfukoni. Na wewe ndiye utakayelituma, kwa mdomo wako.”

Barnabás alianza kukunja vidole, kimoja baada ya kingine. Ilka aliona jambo lililomuumiza kuliko lile duara: bosi wake alikuwa anahesabu matoleo ya jarida atakayoyakosa.

“Likienda,” alisema hatimaye, “tumekwisha.”

“Na lisipoenda?” Ilka aliuliza.

Barnabás akalia kidogo, bila aibu. Kisha akainua uso darini, akasema kwa sauti iliyokatika kwamba liende ukingo wa mto Danube, lisokote mchanga uwe kamba ndefu ya kukifunga kitanda anacholala, wala lisirudi mpaka imekamilika. Joto likapita kati yao. Kioo cha dirisha kikapasuka toka juu mpaka chini, na chumba kikawa baridi kama vyumba vya watu wengine.

Barnabás alilazwa hospitali wiki hiyohiyo, mwili umebaki mifupa. Jarida liliuzwa Februari. Waandishi walitoka na masanduku yao ya kadibodi, wakakumbatiana ngazini, na Ilka akawa wa mwisho kuzima taa. Lakini Barnabás alikuwa anakula, na hilo lilimtosha.

Mwezi huo, akitembea ukingoni mwa mto pale maji yalipokuwa yamepungua, Ilka aliona kitu kama nyoka kwenye mchanga. Ilikuwa kamba, urefu wa mkono. Upepo ulivuma usiiguse. Aliigusa yeye, ikawa ya moto. Akaikanyaga mpaka ikasambaratika. Kesho yake alikuta ndefu zaidi, imesokotwa vizuri zaidi, kama kazi ya fundi anayejifunza kutokana na makosa. Akampigia Rozál, naye akasema hajapata kusikia limefika hapo.

Tangu siku hiyo Ilka alikwenda kila asubuhi na koleo. Barnabás alipomuuliza kama kuna lolote, alimjibu hakuna, kula supu yako. Alivunja kamba ya mita moja, ya mita tatu, akavunja huku akitukana, akavunja huku analia, wavuvi wakamzoea.

Mwanzoni mwa Machi mafua yalimlaza siku tatu. Siku ya nne aliteremka ukingoni, akakuta mchanga umelala sawa, safi, hauna kitu, na juu yake nyayo ndogo zilizoungua zikipanda ngazi za mawe kuelekea mjini.

Alikimbia. Kwenye korido ya hospitali, kabla hajaufikia mlango, ilimfikia harufu ya manyoya. Muuguzi alimwambia kwa furaha kwamba mgonjwa ameamka mapema leo na anazungumza.

Barnabás alikuwa amekaa kitandani. Kamba ya mchanga ilikizunguka kitanda mara saba, mbichi, ikidondosha maji sakafuni, na fundo lake lilikuwa limekazwa barabara. Kitu kidogo kilitikisika chini ya shati lake, kifuani.

“Ilka,” alinong’ona, asithubutu kusogea. “Nisaidie kufikiri. Linauliza.”