Chupa Zisizotolewa Roho

Chupa ya kwanza iligoma kukamulika, na watu wa banda la kukusanya plastiki wakacheka. Ilikuwa chupa ya maji ya kawaida tu, iliyonaswa na wavu wa mtoni pamoja na nyingine mamia. Mama Vizibo aliiminya kwa kiganja, akaikandamiza kwa goti, ikakataa.

"Leo umezeeka, mwenzangu," alisema Kasuku, mwanamke wa meza moja naye, ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Hebu itoe roho tuendelee."

Ndivyo walivyosema pale. Chupa ikija na kizibo chake, ile hewa ya ndani hulivimbisha robota la chupa zilizofungwa pamoja mpaka kamba zikatike, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua kizibo na kuikamua chupa mpaka ilale bapa. Hewa hiyo wao waliiita roho. Toa roho, toa roho, kutwa nzima, huku umbea unaendelea. Nani angefikiri kwamba kuna anayewasikiliza?

Mama Vizibo akafungua kizibo. Badala ya kutoa hewa, chupa ikavuta. Aliisikia pumzi ikipita kwenye kidole chake, ndefu, kisha ikatoka harufu ya tope, na ndani ya tope harufu ya mafuta ya nywele aliyoyajua, na sauti ndogo ikasema, "Mama, usinibane."

Alikifunga kizibo upesi, akaitia chupa mkobani. Kasuku alimuuliza kama ana homa. Akajibu ni jua.

Sasa lazima ujue kidonda kilikuwa wapi. Mvua za mwaka uliopita, kalavati la kupitisha maji chini ya barabara kubwa liliziba kwa chupa na mifuko, maji yakakosa njia, yakapita kwa watu. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi na miwili, alikuwa anarudi kutoka shule, yakamchukua. Walimtafuta siku tisa, hawakupata hata kiatu. Watu walikuja msibani, wakakaa, wakaondoka, na hakuna kilichozikwa.

Baada ya hapo ndipo alipopita nyumba kwa nyumba kuwakusanya akina mama. Mumewe, mchomelea vyuma, akaunda fremu ya wavu, wakaufunga mtoni, na banda likaanza. Watu walimsifu kwa moyo wa kujitolea. Masikini, hawakujua. Kila wavu ulipovutwa juu, yeye ndiye aliyetangulia kuchungulia, maana alikuwa bado anamtafuta mtoto wake.

Wiki ya tatu zilikuwa zimefika chupa arobaini chini ya kitanda. Alishajua namna ya kuzitambua: zilikuwa na ukungu kwa ndani na hazikukubali kuminywa. Mchana, mumewe akiwa karakana, alilala sakafuni akafungua moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa na maneno yake machache. *Mama, huku kuna baridi. Mama, daftari langu la hesabu mmelitupa? Mama, mdogo wangu bado analala upande wangu wa kitanda?* Alijibu yote. Mara nyingine alicheka. Ubaya ni kwamba alikuwa na furaha, na hakuwa ameionja kwa mwaka mzima.

Kitinda, mwanawe wa mwisho, wa miaka minne, alianza kukohoa wiki ile ile. Kwanza kikohozi tu, kisha kifua kikawa kinapiga filimbi. Zahanati walimpa dawa, wakasema mapafu ni safi, hawaoni tatizo. Mtoto akapungua. Akaacha kukimbia, akaacha kupanda ngazi, akawa wa kubebwa.

Siku moja ya mvua umeme ulikatika karakana, na mchomelea vyuma akarudi nyumbani mapema. Alimkuta mkewe kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji, chupa zimemzunguka.

"Mama watoto," alinong'ona, "unafanya nini huko chini?"

"Shh. Anaongea."

"Nani?"

"Mwanao."

Akapiga magoti ili amwinue, na hapo sauti ikamwita baba, kwa ule mkwaruzo wake wa asubuhi ambao hakuna mwingine duniani aliyekuwa nao, naye akakaa, akasikiliza, akataka kusikiliza zaidi, mpaka macho yake yalipozizoea zile chupa na akaona kwamba zote zinaingia ukungu kwa pamoja, zinakuwa safi, zinaingia ukungu tena, na pale juu ya kitanda, kila ukungu ulipojaa, mbavu za Kitinda zilizama ndani na midomo yake ikabadilika rangi kama mtoto aliyekaa majini muda mrefu.

Alitoka mbio kwenye mvua kumfuata bibi mwosha maiti, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba mikono ile imeshashughulika na mengi.

Bibi hakuja na ubani wala kitabu. Alisimama mlangoni akizitazama chupa, kisha akauliza swali la ajabu. "Huko bandani, mkizikamua, mnasemaje?"

"Tunasema toa roho," alijibu Mama Vizibo. "Ni utani tu, bibi."

Bibi alifumba macho kidogo. "Mto ule una mwenyewe. Tumemziba pumzi miaka yote, wa juu na wa chini, kila mtu na mfuko wake. Halafu nyinyi mnakaa ukingoni, kutwa mnaamuru, toa roho, toa roho. Hamkusema ya nani. Basi amechagua mwenyewe ya kuchukua."

"Lakini sauti ni ya mwanangu."

"Sauti mwanao anayo, sikubishii. Pumzi ya kusemea ndiyo hana. Kila neno analokuletea, amelichota kwenye kifua cha huyu mdogo." Akamkunjia mikono ya gauni. "Zikamue. Wewe mwenyewe, si mimi. Moja isibaki."

Alianza. Kila chupa ilipolala bapa ilitoa mguno, na chumba kikajaa harufu ya tope na mafuta ya nywele, na mumewe akageukia ukuta. Kumi. Ishirini. Kitinda akakohoa, akavuta hewa. Thelathini na tisa. Ya mwisho ilikuwa ile ya kwanza, iliyogoma bandani, na alipoishika ikatetemeka mkononi, ikasema polepole, bila kulia, "Mama, ngoja. Ngoja nikwambie nilipo, mje mnichukue, mnizike, halafu nitanyamaza, niko karibu tu mama, mnapita juu yangu kila siku mkienda kazini, niko chini ya," na mama yake akaona midomo ya Kitinda imekuwa ya bluu kabisa na macho yamegeuka juu, na mikono yake, ile mikono iliyozoea kazi, ikakamua kabla moyo haujakubali.

Mtoto alilia, kilio kizima cha kifua kizima, na baba yake akamnyakua akamkumbatia. Bibi mwosha alizikusanya chupa zote kwenye gunia akaondoka nazo, bila kuaga.

Siku mbili Kitinda alikula, akapanda ngazi, akagombana na paka wa jirani. Mama yake alirudi bandani. Alipita kwenye barabara ile akitazama chini, kila hatua, lami, mtaro, kalavati, na hakujua akanyage wapi.

Siku ya tatu, adhuhuri, alikuwa anamlaza mtoto. Kitinda alimshika shingo, akamvuta sikio.

"Mama," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Dada hakumaliza. Kaniachia mimi maneno yake. Anasema yuko chini ya..."

Kifua kikapiga filimbi. Mama Vizibo akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu, asimuumize. Midomo midogo ikaendelea kusema chini ya mkono wake, neno baada ya neno, yenye joto, na yeye akageuza uso asije akaielewa, akalia bila sauti, kwa sababu alitamani kuutoa ule mkono kuliko kitu chochote alichowahi kukitamani.