Namba Ndogo za Fundi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni namba.

Baba yangu ni fundi cherehani. Mteja akija, Baba humpima kwa tepu, kisha huandika vipimo kwenye daftari. Zamani namba zake zilikuwa nene, zimejaa mstari. Mwaka huu zilianza kusinyaa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya mwisho ndogo kama chawa.

Sikusema kitu. Mimi si msemaji. Baba huniita Bi Kimya. Shule niliachia darasa la tano, hivyo nilidhani labda tatizo ni usomaji wangu.

Kazi yangu ni kumsomea vipimo. Mimi nasoma, yeye anachora kitambaa kwa chaki, kisha anakata.

Siku moja dereva wa lori alikuja kuchukua suruali yake. Aliingia nyuma ya pazia kuijaribu. Tukamsikia anahema.

"Fundi! Hii umenishonea mimi au mwanangu?"

Kiuno kilikataa kufunga. Baba alifungua daftari, akalisogeza karibu na pua.

"Bi Kimya, hapa ni ngapi?"

"Thelathini na moja," nilisema.

"Basi nimeandika vibaya. Samahani, kaka. Nitakushonea nyingine."

Kesho yake nilipeleka daftari dirishani, kwenye mwanga. Ile moja ilikuwa na kofia ndogo sana juu. Ilikuwa saba. Nililifunga daftari, nikaenda kufagia vipande vya nguo.

Baada ya hapo tuliyaona na mengine. Mkono wa kulia wa Baba ulitetemeka ukiwa juu ya paja. Alitembea kwa hatua fupi, akiburuza miguu. Uso wake ulikauka. Mama alimtania kama kawaida, lakini Baba hakutabasamu.

Majirani wakaanza maneno. "Fundi siku hizi anakunywa." Baba hajawahi kuonja pombe maishani mwake.

"Kichwa changu kimekwisha," Baba alimwambia Mama. "Fundi anayekosea kiuno cha mtu si fundi tena. Mwisho wa mwezi, mdogo wangu atakuja kuchukua cherehani."

Mama aliguna tu. Bila cherehani ile, Baba angekaa siku nzima akitazama ukuta.

Wiki ile jirani yetu muuguzi alileta sare yake ipunguzwe. Alikaa kwenye benchi, akautazama mkono wa Baba. Ulikuwa unatetemeka juu ya paja. Baba akachukua mkasi. Mkono ukatulia.

Hata mimi nilikuwa nimeliona hilo, na lilinisumbua sana. Neno likanitoka.

"Dada, kwa nini mkono wake unatetemeka ukipumzika, halafu ukishika kazi unatulia?"

Mama alinigeukia kana kwamba cherehani ndiyo iliyosema.

"Umeona vizuri, mdogo wangu," alisema muuguzi. "Fundi, kesho twende hospitali. Usibishe."

Daktari alimwambia Baba aandike sentensi, afungue na kufunga vidole, atembee, ageuke. Alimuuliza tarehe na majina ya watoto wake. Baba alijibu yote. Mwishowe daktari alisema ni ugonjwa wa Pakinsoni, akampa dawa.

Jioni muuguzi alipita nyumbani. Mama alikuwa na maswali, lakini aliyeanza kuuliza ni mimi.

"Dada, ugonjwa huo uko mkononi?"

"Hapana. Uko kwenye ubongo. Ubongo umeundwa na seli, chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Si seli za aina moja. Hebu niambie, cherehani inakwendaje?"

"Mguu unakanyaga pedali. Gurudumu linazunguka."

"Ukifika kwenye kona ya kola?"

"Naweka kiganja kwenye gurudumu, lisipitilize."

"Sasa sikiliza. Ndani ya ubongo kuna seli zinazoachia mwendo, kama mguu wako. Kuna nyingine zinazozuia, kama kiganja chako. Ukitaka kuinua mkasi, zote zinafanya kazi pamoja. Hizi zinaachia mwendo unaoutaka. Zile zinazuia miendo usiyoitaka."

"Kwa hiyo za kuzuia si mbaya?"

"Si mbaya hata kidogo! Bila hizo mkono ungeruka ovyo."

Baba alisogeza kiti karibu.

"Kuna aina ya tatu," muuguzi aliendelea. "Hizo hutengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini huzipa nguvu seli za kuachia, na huzituliza zile za kuzuia. Kwa Baba yako, seli za dopamini zimepungua. Kiganja kimelemea gurudumu."

"Ndiyo maana namba zinasinyaa?"

"Namba, hatua, hata tabasamu. Uso nao una misuli."

Mama alishika mdomo. "Kumbe! Mimi nilidhani ameninunia, mwezi mzima!"

"Ningekununia ningekwambia," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini tulicheka.

"Na kutetemeka?" niliuliza tena.

"Hilo hata wataalamu bado wanalichunguza. Siwezi kukudanganya." Akamgeukia Baba. "Dawa haiponyi, lakini inasaidia. Unywe kwa saa, usiache bila kumwuliza daktari. Fanya mazoezi kila siku. Na ukiandika, tumia mistari mipana, ujiambie: kubwa, kubwa."

Tulifanya hivyo. Mama alikuwa mlinzi wa saa. Mimi nilichora mistari mipana daftarini. Asubuhi Baba alitembea hadi njia panda na kurudi, akihesabu hatua ndefu kwa sauti. Dereva wa lori alimwona akampigia honi. Wiki ya tatu namba zilianza kunenepa. Wiki ya nne alitia kola kwenye shati, kona zote mbili kali.

Siku ya mwisho ya mwezi Baba mdogo alifika na mkokoteni na kamba.

"Bado unaitoa?" Mama alimwuliza Baba. "Mkono si unarudi?"

"Mkono unarudi. Lakini kile kiuno kilikosewa na kichwa. Dawa hii ni ya mwendo. Kichwa kikikosea mara moja, kitakosea tena."

"Kaka, mimi sikukuomba," alisema Baba mdogo.

"Funga kamba."

Baba mdogo aliinama, akapitisha kamba chini ya meza ya cherehani. Nilitazama fundo la kwanza likikazwa. Nililichukua daftari la zamani, nikafungua ule ukurasa, nikauweka mbele ya Baba penye mwanga.

"Baba, wewe hukukosea. Uliandika thelathini na saba. Mimi ndiye niliyesoma moja, na nilijua tangu kesho yake."