Koti Jeupe la Isihaka

Sekela wa Ilomba alimshika Isihaka mkono katikati ya soko, akapiga goti, akasema, "Ndaga fijo, asante sana, daktari. Jana jioni ulikuja kumwona Abrahamu wangu, hata chai hukunywa."

Isihaka hakwenda Ilomba jana wala juzi. Mvua ya Mbeya ilimfungia nyumbani kutwa. Mtu mwingine angesema, "Mama, umenifananisha." Yeye akatabasamu. Wauza ndizi walikuwa wanamtazama, na lile neno daktari lilimteremka kooni kama asali. "Mtoto atapona tu," akasema, akaenda zake masikio yakiwaka moto.

Neno lenyewe, jamani, halikuwa lake. Alipelekwa Makerere kusomea udaktari kweli, lakini mbele ya maiti ya kufundishia alizimia, akazimia tena, mwisho akahamia masomo ya maabara: damu, choo, makohozi, vijidudu vya maradhi chini ya darubini. Yalikuwa masomo ya maana. Wenzake walizungumzia kutengeneza chanjo, kuchunguza mbung'o, kusimamia maabara za hospitali kubwa, na hakuna aliyeona haya. Aliyeona haya ni yeye peke yake. Aliporudi kwa likizo mwaka ule wa 1956, mama yake, Bi Mwanakhamisi, mjane muuza vitambaa, alikwishamtangazia kila dereva wa lori mpaka Iringa kwamba mwanawe ni daktari. Kijana akanyamaza. Alijidanganya kwamba kunyamaza si kusema uongo.

Kulikuwa na jambo jingine asilolijua. Bi Mwanakhamisi alikuwa na jini la ukoo, lililofuatana na watu wake tangu pwani, na alikuwa ameliahidi kwamba mwanawe akirudi daktari, nguo yake ya kazi itakuwa ya jini hilo. Wengine huyapa majini yao kanzu au leso. Yeye alitoa koti jeupe la mwanawe, akalifukiza udi, akalitundika chumba cha uani penye chano cha halua na marashi, akasema, "Haya, vaa. Ni la daktari." Isihaka alipouliza koti liko wapi, aliambiwa linafuliwa.

Jioni ile ya sokoni alilikuta limening'inia nyuma ya mlango wake. Mikono ya koti ilikuwa imelowa ukungu, na harufu ya udi imechanganyika na ya spiriti. Mfukoni mlikuwa na vioo vidogo vya kupimia damu, navyo viligongana vyenyewe, ti, ti, ti, wala hakuna aliyeligusa koti.

Kesho yake Sekela alikuja na mtoto mgongoni. Safari hii hakupiga goti.

"Daktari, kidole chake hakikauki," alinong'ona. "Ulisema unachukua damu kidogo tu. Jana jioni ukarudi, ukatoboa tena."

Kilikuwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kilekile ambacho Isihaka alifundishwa kutoboa, na pale ncha ya sindano ilipoingia damu ilichuruzika tone kwa tone, na midomo ya mtoto ilikuwa imepauka, na Isihaka alisimama akijua kwamba angeweza kuyazuia haya yote kwa neno moja pale sokoni, neno ambalo hakulisema kwa sababu wauza ndizi walikuwa wanamtazama.

Fundi Bushiri, mtu wa kuongea na majini, aliitwa mbio. Alilinusa koti, akamkalisha Bi Mwanakhamisi chini, akachoma ubani. Mara mama akaanza kunguruma kwa sauti ya mwanamume.

"Daktari ni mimi," ilisema. "Kila anayeniita naenda. Huyu mwenyewe alinipisha."

Fundi alimgeukia Isihaka, akamwuliza polepole, "Mwanangu, katika nyumba hii daktari yupo?"

Isihaka alitikisa kichwa kukana.

"Basi nafasi ilikuwa wazi, naye ameingia. Toka nje. Waambie waliokuita hivyo wewe ni nani, tena kwa sauti."

Uani walikwishajaa majirani. Isihaka alitamani ardhi ipasuke. "Mimi si daktari," alisema. "Udaktari ulinishinda. Mimi nasomea kupima damu na choo." Mtu mmoja akacheka, "Kumbe mpima mavi!" na wengine wakafuata. Mama yake, aliyekuwa amezinduka, alijifunika uso kwa kanga. Lakini kidole cha Abrahamu kilikauka palepale. Koti lilichomwa moto mbele ya watu wote, na mama alimwandalia mwanawe chakula bila kumtazama usoni.

Haikuisha wiki, lori likasimama mlangoni. Dereva wake, mzee Saulo wa Igawa, akashuka akavua kofia. Kidole chake cha pete kilifungwa kitambaa kilicholowa damu tepetepe.

"Shikamoo, daktari. Jana ulimtibu mke wangu, ukatutoboa wote. Rujewa nao wanakungoja. Umesema utafika mpaka Iringa."

Bi Mwanakhamisi aliwakumbuka madereva wote aliojitapa kwao. "Nenda, mwanangu," alisema huku akilia. "Mimi ndiye niliyewaambia. Nenda kawaambie ukweli."

Isihaka alianza na Saulo palepale, na kitambaa kikaacha kulowa. Kisha akapanda lori, akijua ata­chekwa kituo kwa kituo, na kwa mara ya kwanza aliomba aibu hiyo ifike kabla mtu hajafa kwa kutokwa damu.

Walifika Igawa jua likiwa utosini. Mlangoni kwa jirani wa Saulo mwanamke alikuwa ameketi, mkono wake wa kushoto umefichwa ndani ya kanga. Isihaka alifungua kinywa aseme, lakini mwanamke akamwashiria anyamaze.

"Subiri hapo nje, baba," alinong'ona kwa heshima. "Daktari yuko ndani na watoto."

Na kutoka ndani ilisikika, ti, ti, ti.